Futi Inayoanzia Tano

Shangazi yangu amekuwa na futi kamba moja tu maisha yake yote, na futi hiyo haina mwanzo. Sentimita tano za kwanza zilikwenda na mkasi zamani sana, siku aliyokuwa anakata kola ya shati huku akigombana na mteja dirishani. Kola ilitoka nzuri, mteja akashindwa ugomvi, na futi ikabaki inaanzia tano. Mtu mwingine angenunua mpya. Shangazi alisema kilema cha kitu ukishakijua si kilema tena, ni tabia, na tabia huvumiliwa, la sivyo nani angekaa na ndugu zake.

Na kweli, kwenye nguo haijamwangusha hata siku moja. Ukiwa na kiuno cha themanini, futi ya Shangazi inasema themanini na tano. Anaandika themanini na tano, anakata kitambaa kwa futi ile ile, na suruali inakukaa sawasawa. Mwongo ni yule yule mwanzo na mwisho, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Haya nayajua kwa sababu nimekaa naye tangu nikiwa na miaka minane, baba yangu, ambaye ni kaka yake, aliponileta kwa likizo ya wiki mbili nijifunze kutia vifungo. Sasa nina miaka thelathini na mitatu, na likizo haijaisha.

Chumba chake cha kushonea kiko kwenye pembe ya kiwanja, kinatazama barabara. Kina cherehani mbili za miguu, moja inayofanya kazi na moja inayofanya kazi ikijisikia. Kuna pasi ya mkaa, kuna kigoda cha wateja, na kuna kioo chenye ufa unaomfanya kila mtu aonekane mwembamba, ndiyo maana wateja hawaishi. Shangazi mwenyewe ni mfupi, mpana, na pini ziko mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni. Anaongea nazo humo humo. Wenyeji tumezoea, tunamwelewa. Wageni inabidi niwatafsirie. Ila akizitoa, mtaa mzima unajua mambo yameshakuwa mazito.

Kiwanja alipewa wakati mtaa huu ulikuwa pori lenye namba. Kila mtu alipata karatasi: mita thelathini upande wa barabara, vigingi vya mbao, haya kajengeni. Shangazi aliingia na cherehani kichwani. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine juu yake. Mwaka wa pili mvua ikazoa vigingi vyote, ikabakiza jiwe moja tu la mpaka, lile la saruji kwenye kona ya kichochoro, upande wa Shangazi. Ofisi ikasema msubirini mpima ardhi. Wakasubiri mpaka magugu yakawazidi kimo. Mwishowe Shangazi na jirani yake, fundi baiskeli, mwanamume mpole asiyejua kusema hapana, wakaamua kulimaliza wenyewe. Fundi baiskeli alisema wewe ndiye mwenye futi, pima, mimi nitashika ncha. Wakaanzia kwenye jiwe, wakailaza futi kwenye matope mara ishirini, maana futi ya fundi nguo ni mita moja na nusu, na mara ishirini ni thelathini. Walipofika wakapanda michongoma, wakanawa mikono, na mpaka ukawa mpaka.

Ulidumu hivyo miaka mingi, mpaka fundi baiskeli alipozeeka akauza, akahamia kwa binti yake ng'ambo ya pili ya mji. Aliyenunua alinunua na viwanja viwili vinavyofuata, vyote siku moja, bila kuteremka garini. Jina lake tuliliona kwenye karatasi baadaye, lakini kwetu yeye ni Bwana Geti. Alijenga nyumba kubwa, lakini hakuna anayeikumbuka nyumba, kwa sababu geti lilimaliza maneno yote. Geti hilo linajifungua lenyewe. Juu ya nguzo zake wamekaa simba wawili wa saruji, wamepakwa rangi ya manjano, midomo wazi. Ukuta aliujenga pale pale palipokuwa na michongoma, na simba wa kushoto akawa anatazama moja kwa moja ndani ya chumba chetu. Wateja waliona haya kujaribu nguo mbele yake. Ilibidi Shangazi atundike pazia kwa ajili ya simba.

Basi, Bwana Geti alikuwa na gari refu kuliko busara ya aliyelinunua. Ili aingie kwake ilibidi apinde, na alipopinda alikutana na pembe ya chumba cha kushonea. Akawa anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele tena, huku wateja wetu dirishani wakihesabu kwa sauti. Rekodi ilikuwa mara tisa. Siku gari lilipokwaruzika ubavu, aliteremka na kuja kwetu kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo mtaa ulikuwa haujawahi kuliona.

Alianza vizuri. Alisema mama, taja bei ya hiki chumba. Shangazi, na pini zake mdomoni, akamjibu. Bwana Geti akanitazama mimi.

"Anasema hapana," nikamwambia.

Akapandisha, akasema basi taja bei ya kiwanja kizima. Shangazi akajibu tena.

"Anasema bado hapana, ila sasa na hasira imo."

Mimi moyoni nilimlaumu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na huyu alikuwa na nguvu na viwanja vitatu. Tungeweza kujenga chumba kingine huko nyuma, chenye dirisha lisilo na simba. Lakini kumwambia Shangazi jambo la namna hiyo ni kumpigia mbuzi gitaa, nikatia vifungo vyangu nikanyamaza.

Bwana Geti hakunyamaza. Kwa kinyozi, ambako siri za mtaa huu hunyolewa pamoja na nywele, alisikia kwamba mpaka ule haukupimwa na ofisi. Aliupima fundi nguo mwenyewe, kwa futi ya kushonea. Kesho yake akarudi. Wateja walikuwa wamejaa, mmoja wao ni muuza mitumba mwenye sauti kubwa, amesimama kwenye kioo na gauni lenye mkono mmoja. Bwana Geti akasimama mlangoni, akasema kila mtu asikie.

"Mama, mpaka huu umejipimia mwenyewe. Nani amewahi kujipimia akajipunja?"

Shangazi akatoa pini. Zilikuwa nne, akazichomeka kwenye kimto chake moja baada ya nyingine, na sisi sote tukashika vitu vilivyo karibu, maana tulijua kinachokuja. Hakikuja.

"Mlete mpima ardhi," alisema, akazirudisha pini mdomoni.

Wateja wakapiga makofi. Wao walisikia ujasiri. Mimi niliyekaa naye miaka yote hiyo nilisikia sauti imekuwa ndogo.

Barua ikaletwa na mwenyekiti wa mtaa. Mpima ardhi angekuja Alhamisi saa tatu asubuhi, na kama chumba cha kushonea kingekutwa kimevuka mpaka, kingebomolewa siku hiyo hiyo. Ndicho chumba kinachotulisha, na ndicho kilichonilea, nimelala utotoni chini ya meza yake ya kukatia. Nilidhani mtaa utatuhurumia. Mtaa ulikuja mbio na vitambaa. Mmoja alitaka sketi yake imalizwe kabla hatujabomolewa, mwingine alisema Shangazi nianzie mimi, wangu ni upindo tu. Yule muuza mitumba alikuja mara tatu kuuliza habari za mkono wa pili wa gauni. Tulishona kama watu wanaokimbizwa, na nakiri kwamba nilicheka sana wiki ile, kicheko cha mtu asiye na la kufanya.

Jumatano saa kumi jioni Shangazi akafunga dirisha. Hajawahi kulifunga saa hiyo hata alipougua. Akatoa pini zote, hata zile za akiba alizozichomeka kwenye ukosi, akainyoosha futi mapajani mwake.

"Nilipima kwa hii," alisema.

Nikamwambia Shangazi, hilo hata kinyozi analijua.

"Usilolijua ni kwamba ilikuwa imeshakatwa."

Akanieleza polepole. Siku ile ya matope alikuwa amesahau. Alikumbuka miaka mitatu baadaye, katikati ya mshono, akasimamisha cherehani kwa mguu. Futi fupi. Amempimia jirani yake kwa futi fupi, mtu aliyeshika ncha kwa uaminifu na magoti kwenye matope. Alitaka kwenda kumwambia, lakini chumba kilikuwa kimeshajengwa, mimi nimeshaletwa, na wiki ile ile fundi baiskeli alikuwa amefiwa na mke, ana watoto watano. Aibu ikamfunga mdomo. Kwa hiyo akaanza kuwashonea wale watoto sare za shule. Kila mwaka, kila mtoto, mpaka wa mwisho alipomaliza, bila kuchukua hata asante.

Sare zile nilikuwa nazipeleka mimi. Mtaa mzima ulisema Shangazi anampenda fundi baiskeli, na mimi nikasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimkabidhi mzee wa watu kaptura tatu na kumkonyeza. Miaka yote hiyo nilikuwa napeleka toba nikidhani napeleka barua za mapenzi.

"Kwa hiyo ndiyo maana hukutaka kuuza," nilimwambia.

"Kitu cha wizi hakiuzwi, mwanangu. Hata kikipata mteja." Akaikunja futi. "Kesho wakionyesha, nabomoa mwenyewe. Naanza na mlango."

Nilijaribu kupiga hesabu kichwani. Futi imepungua, kwa hiyo kuna mtu kapunjwa, na aliyepunjwa bila shaka ni yule mwingine. Naona haya kusema kwamba hesabu yangu iliishia hapo. Mimi ni mtu wa vifungo.

Alhamisi, mtaa ulifika kabla ya mpima ardhi. Bwana Geti alikuwa amevaa meupe, ameweka kiti chini ya mwavuli. Alikuwa amemleta na fundi wa kubomoa kabisa, ili asimwite mara mbili, na huyo fundi amekaa juu ya lundo la mchanga na nyundo yake, anakula karanga. Mpima ardhi alikuwa mwembamba, ana kofia, ana mashine ya miguu mitatu na wasaidizi wawili wenye mti wa rangi nyekundu na nyeupe. Alisoma karatasi ya Shangazi, akasimamisha mashine kwenye jiwe la kichochoro, akachungulia, akaanza kuwaelekeza wasaidizi kwa mkono. Nenda. Nenda. Nenda tena.

Wasaidizi wakafika kwenye ukuta wa chumba chetu. Shangazi akaushika mkono wangu akauminya. Mpima ardhi akaonyesha mkono: nenda. Wakapita pembe ya chumba. Wakafika kwenye ukuta wa Bwana Geti.

"Kuna ukuta, mkuu," msaidizi mmoja akapiga kelele.

"Nimeuona. Nenda."

Ikabidi wazunguke getini. Geti likajifungua lenyewe, kwa adabu zake zote, wakaingia, na kigingi kikapigwa katikati ya maua ya Bwana Geti, nyuma ya nguzo ya simba wa kushoto. Bwana Geti akasema mashine ni mbovu. Wakarudia. Akasema warudie kwa futi ya chuma. Wakarudia, na kigingi kikarudi pale pale, utadhani kimezaliwa hapo. Ukuta wake, nguzo yake na simba wake wa kushoto wote walikuwa ndani ya kiwanja cha Shangazi, mita moja kamili.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi sikuwa na nafasi ya kufurahia, kwa sababu Shangazi alikuwa ameanza kutembea kuelekea kwa mpima ardhi. Hakuwa ameelewa. Alikuwa amejiandaa kuungama tangu juzi na angeungama tu. Akatoa pini mdomoni mbele ya watu wote, akanyoosha futi.

"Baba, aliyepima ni mimi. Futi hii ina upungufu wa sentimita tano. Mwizi ni mimi."

Mpima ardhi akaipokea futi, akaigeuza, akaitazama pale ilipokatwa. Akamuuliza aliilaza mara ngapi. Mara ishirini. Akaiweka chini kwenye vumbi, akaivuta, akaweka kidole. Kisha yule bwana, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameonyesha jino, akaanza kucheka mpaka kofia ikamtoka.

"Mama, kila ulipodhani umeipata mita moja na nusu, ulikuwa umepata pungufu ya tano. Tano mara ishirini ni mia. Haba na haba. Umejiibia mwenyewe mita nzima."

Halafu yule muuza mitumba, ambaye mkono wa pili wa gauni lake ulikuwa bado, akauliza kwa ile sauti yake kubwa: nani amewahi kujipimia akajipunja? Mtaa ukapasuka. Watu walikaa chini barabarani. Mwenyekiti wa mtaa aliegemea mashine ya miguu mitatu, wasaidizi wakamwondoa. Fundi wa kubomoa akasimama na nyundo yake akaomba aambiwe basi, maana ameitwa kubomoa na karanga zimekwisha, abomoe nini.

Shangazi hakucheka. Nilimletea kigoda cha wateja, akakaa, anaitazama futi.

"Kumbe nimekuwa jirani mwema kuliko nilivyokusudia," alisema. Kisha akasema, "Zile sare." Na hapo kicheko kikamshika. Alicheka mwili mzima, machozi yakamtoka, akajaribu kusema akashindwa, akanipiga begani, akaniambia sare za watoto watano, akacheka tena. Ilikuwa ni furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo wa miaka ishirini na zaidi, na nilivyompenda saa ile siwezi kueleza, nikalia naye.

Bwana Geti alikuja taratibu, meupe yake yameingia vumbi. Usimwone simba amenyeshewa ukamdhania paka, nikajiweka tayari, lakini huyu alikuwa amenyeshewa kweli. Aliuliza, kwa heshima, mama anataka nini. Kuuvunja ule ukuta ilikuwa kulivunja geti. Shangazi alirudisha pini mdomoni kwanza, akafikiri, akamjibu kwa kirefu, na mimi nikatafsiri. Ukuta ubaki, kwa sababu vumbi la kuuvunja litachafua nguo nyeupe za wateja. Chumba cha kushonea kisitajwe tena, na hilo liandikwe, mwenyekiti ashuhudie. Simba wa kushoto ni wake.

"Simba?" Bwana Geti akauliza.

"Anasema yuko kwenye kiwanja chake."

Akatia sahihi. Shangazi akamwita fundi wa kubomoa, asiondoke bure, akampa kazi ya kulishusha lile pazia la dirishani, kwani simba sasa ni wa nyumbani, hana cha kuchungulia. Wiki ile ile akampima simba na kumshonea kizibao cha kitambaa cha mabaki, chenye vifungo sita nilivyotia mimi nikiwa juu ya ngazi. Bwana Geti bado anapinda mara saba kuingia kwake. Siku hizi akimaliza anatupungia mkono, na suruali zake zote tunapinda sisi.

Habari haikukawia kufika ng'ambo ya mji. Jumapili, saa nne asubuhi, fundi baiskeli akaingia mtaani juu ya baiskeli iliyosuguliwa ikang'aa, yeye mwenyewe kapiga pasi mpaka soksi. Alimtazama simba wetu kwa muda, akavua kofia, akaja mlangoni. Hakutaka kukaa.

"Wameniambia zile sare zilikuwa toba," alisema. "Mimi nilidhani ni mapenzi. Nikanyamaza miaka yote kwa sababu sikujua nikushukuru au nikuoe."

Shangazi alikuwa na pini tano mdomoni. Akasema neno, tena fupi. Nikafungua kinywa kutafsiri, lakini mzee alikuwa ameshaanza kutabasamu, hakunihitaji. Shangazi akatoa futi shingoni, akamwambia asimame wima apimwe koti. Fundi baiskeli akaishika ile ncha iliyokatwa, akaikaza begani, kama alivyoishika siku ya matope, na Shangazi akaanza kuhesabu kutoka tano.